Masomo ya ufundi na kazi ya vijana wetu

Hotuba ya mwalimu mmoja wa ufundi, mwamini wa parokia hii, mbele ya wakristu na wageni katika juma la jubile



Wenye kutengeneza juma hili la jubile wamegawa kazi vizuri. Mmoja amewaeleza namna kanisa hili lilivyojengwa, mwingine amesema juu ya ndoa, na kesho mtasikia juu ya mashirika yetu. Mimi wamenipa shauri la kazi ya vijana, na namna inchi yetu inavyowafundisha ufundi. Nimelipokea kwa moyo mweupe, kwani ni shauri linaloketi mezani pa kila jamaa iliyo hapa. Tunamshukuru Mungu kwa watoto wote waliobatizwa katika kanisa hili. Lakini mtoto aliyebatizwa anakua. Anafika umri wa miaka ishirini, ishirini na mitano, amemaliza masomo, diploma yake imo ndani ya bahasha, na bahasha imo ndani ya sanduku la mama yake. Kukipambazuka anakaa kizingitini mwa nyumba ya baba yake, anatazama wapita njia. Huyo ndiye nitakayesema juu yake.

Nitasema wazi tangu mwanzo neno ninalolileta, kusudi mwenye haraka alichukue mapema. Vijana wetu hawakosi akili, wala hawakosi hamu ya kazi. Wanakosa pahali pa kushika chuma wakiwa bado wanafunzi. Sisi tunaokaa Katanga, juu ya mali ambayo mataifa yanaigombania, hatuwezi kusema kwamba hakuna fedha wala hakuna mashine. Fedha ziko, mashine ziko, na wazee wenye ujuzi wangali hai, ingawa si kwa muda mrefu. Kilichovunjika ni daraja kati ya masomo na atelie.

Daraja hilo lilikuwako zamani, nami naomba tulitazame kidogo, kwa sababu Eklezya ilishiriki kulijenga. Kando ya ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885 pale Mpala, na baadaye Kirungu, Mapadri Weupe pamoja na Mafrere wao walifundisha watu kuchoma matofali, kupasua mbao na kusimamisha kuta. Tarehe 26 Mei 1906 Roma na Serikali ya Mfalme Leopold II walifanya mapatano: kila misioni ipewe hektari 100 au 200 za udongo, na wamisionari wafungue masomo, na katika masomo hayo wafundishe kilimo na kazi za mikono. Huku kusini, Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville mwaka 1911, na bila kukawia wakaanza masomo ya ufundi, ambayo baadaye yalihamishiwa Kafubu. Nao hawakufundisha kwa maneno tu. Mwanafunzi wa useremala alitengeneza viti ambavyo watu walivikalia. Mwanafunzi wa uashi alijenga nyumba ambayo watu waliingia na kulala ndani yake. Kosa lake lilionekana mara, na sifa yake pia.

Lakini tusiseme uongo kwa sababu tuko katika sikukuu. Masomo yale yalikuwa na dari, na dari ilikuwa ya chini. Mtu mweusi alifundishwa kushika tupa na nyundo. Kuchora mpango wa mashine, au kuamua mashine ipi inunuliwe, ilikuwa kazi ya mwingine. Union Minière ilianza, mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwakalisha wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba na posho, ikawatia watoto masomoni. Ilifanya hivyo kwa faida yake, kwani mtu anayerudi kijijini kila baada ya miezi michache hawezi kuwa fundi. Mwaka 1960 tulipopata uhuru, tulikuwa na mafundi wengi wa mikono na wahandisi karibu hakuna. Wale Wazungu walipokimbia kwa wingi katika mwezi wa saba wa mwaka ule, ndipo tulipoona maana ya dari ile.

Wenye umri wangu wanakumbuka yaliyofuata. Union Minière ilichukuliwa na Serikali mwaka 1967, kisha ikaja Gécamines. Nani katika Likasi hakuwa na ndugu pale Shituru au katika atelie za Panda? Kijana aliyechaguliwa aliingia katika mafundisho ya kampani, akajifunza hesabu na kuchora asubuhi, na mchana akawekwa chini ya mkono wa fundi mkubwa. Fundi yule hakuwa malaika. Aliweza kukutumia kununua sigara. Lakini alikuonyesha. Alishika mkono wako juu ya mashine, akakuambia sikiliza sauti ya chuma, kikilia hivi kisu kimekwisha. Sauti ile haiandikwi katika kitabu chochote. Baada ya miaka wewe mwenyewe ukawa mkubwa, na kijana mwingine akawekwa chini yako. Hilo ndilo daraja ninalosema. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka, na shaba ile ilipita katika mikono iliyofundishwa hapa hapa.

Kuanguka kwake mnakujua. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa tisa mwaka 1990. Mwaka 1991 ukaja uporaji katika miji yetu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Walikaa majuma na miezi katika stesheni ya Likasi na ya Kolwezi wakingoja treni, na wengi walikufa wakingoja. Mapadri waliokuwa hapa waliwazika. Ninalitaja jambo hilo kwa heshima, mbele ya wenye kulibeba moyoni, kwa sababu haliwezi kuachwa katika hotuba juu ya ufundi: pamoja na watu wale yaliondoka maarifa ya miaka mingi, na mashine nyingi zilibaki bila mtu wa kuzielewa. Kabla ya mwaka 1995 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50.000. Halafu mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipewa fedha za kuagana na kampani, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Waliita kuondoka kwa hiari. Wengi wa wazee mnaowaona leo wakiuza unga na chumvi mbele ya nyumba zao walikuwa mafundi wa umeme, wa mashine, wa kuyeyusha madini.

Leo kampani mpya zimejaa, tangu sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilipofungua mlango. Inchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kila mwaka, mara nne na zaidi ya siku zile tunazozisifu. Basi kijana ananiuliza: Mwalimu, ikiwa shaba imezidi mara nne, mbona kazi haikuzidi mara nne? Ni swali la haki. Sehemu ya jibu ni kwamba mashine za leo ni kubwa sana, na lori moja linabeba mzigo ambao zamani ungetaka malori mengi na madereva wengi. Sehemu nyingine ni kwamba kampani kubwa inagawa kazi zake kwa kampani ndogo ndogo, nazo zinaajiri mtu kwa miezi mitatu na kumwacha. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kampani hizo ndogo ziwe za Wakongo, na ni jambo jema. Lakini tajiri Mkongo anayeajiri kwa miezi mitatu hamfundishi mtu kuliko tajiri mgeni. Hapo ndipo penye kidonda. Kila kampani inatafuta fundi aliyekwisha kuiva, na hakuna anayetaka kuwasha moto wa kumpikia. Tangazo la kazi linaomba miaka mitatu ya kazi kwa mtu ambaye hakupewa hata siku tatu.

Sasa tuingie katika masomo yetu yenyewe. Sitataja jina la shule yoyote, kwani sikuja kumwaibisha mtu, na ninaowajua wanafanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Nimeingia katika atelie moja ya masomo ya ufundi nikakuta wanafunzi arobaini na jiliwa moja la kubania chuma. Mwalimu alikuwa amechora mashine ya kuchongea chuma ubaoni, kwa chaki za rangi mbili, vizuri kabisa. Sehemu zote zina majina. Wanafunzi walizijua zote kwa moyo. Mashine yenyewe ilisimama nyuma yao, imefunikwa na turubai, mota yake ilikwisha kuondolewa zamani. Kijana yule atafanya mtihani wa Serikali, na pengine atashinda kwa alama nzuri. Halafu atafika mbele ya mashine hai, nayo itamtisha kama ng'ombe anavyomtisha mtoto wa mjini.

Watu hulaumu walimu. Mimi nasema tutazame hesabu. Kufungua masomo ya biashara au ya ualimu kunataka chumba, mabenchi na chaki. Kufungua masomo ya umeme au ya kuchomea vyuma kunataka mashine, nyaya, chuma cha kukata na kutupa, na bageti za kuchomea ambazo zinakwisha kila juma. Mzazi analipa karibu sawasawa pande zote mbili. Basi mkuu wa masomo, hata akiwa mtu wa Mungu, afungue nini? Ndiyo sababu kila mtaa una masomo ya biashara, na vijana wanaojua kuandika daftari la hesabu ni wengi kuliko maduka yenye hesabu ya kuandikwa. Serikali ilichukua masomo yote mwishoni mwa mwaka 1974 na kuyarudisha mikononi mwa dini kwa mapatano ya mwezi wa pili mwaka 1977. Tangu hapo Eklezya na Serikali wamegawana usimamizi, lakini hesabu hii ya chaki na chuma hakuna aliyeigeuza. Na tangu mwaka 2019, masomo ya msingi ya Serikali yalipofanywa ya bure, watoto wengi zaidi wanapanda kwenda masomo ya sekondari. Tushangilie. Lakini tujiulize watashika nini mikononi wakifika.

Kuna na jambo la staji. Mpango unasema mwanafunzi wa ufundi aende kampani kwa majuma machache, aone kazi. Mpango ni mzuri. Kijana anapewa barua yenye mhuri, anazunguka nayo. Mlinzi wa kwanza anamwambia mkubwa hayuko. Mlinzi wa pili anaomba matabishi. Mwisho mtu fulani anamwambia: leta franka kadhaa, nitakutilia sahihi kwenye ripoti, ukae nyumbani. Naye anakaa nyumbani. Hivyo masomo yake yanakwisha kwa uongo ulioandikwa vizuri, na tumemfundisha ufundi mmoja tu, ule wa kununua karatasi. Wazazi wenzangu, ni afadhali tukasirike juu ya jambo hili kuliko juu ya mavazi yao.

Serikali ina chombo chake cha mafundisho ya kazi, nacho ni INPP, kilichoanzishwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1964. Ninakisifu. Kinawafundisha waliomo kazini na wasio na kazi, na Ujapani imesaidia kukijengea na kukipa mashine Kinshasa na Lubumbashi. Kinaishi kwa nini? Kwa mchango ambao kila mwajiri anapashwa kuulipa kadiri ya mishahara anayotoa. Mchango huo umepangwa hivi, kwamba kampani ndogo inatoa sehemu kubwa zaidi katika mia, na kampani yenye wafanyakazi wengi inatoa sehemu ndogo zaidi. Wenye hekima ya fedha wana sababu zao. Mimi fundi naona kwamba mwenye garaje la watu kumi anabebeshwa zaidi, naye ndiye anayefundisha vijana wengi bila kuulizwa. Ingefaa afunguliwe mlango wa kusema: sehemu ya mchango wangu ni huyu kijana niliyemfundisha, njooni mumpime.

Tena kuna fedha nyingine, ambazo waamini wengi hawazijui. Sheria ya migodi ilipogeuzwa mwezi wa tatu mwaka 2018, iliagiza kila kampani inayochimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Zaidi ya hayo, katika kodi ya madini, sehemu 15 kwa mia zinapashwa kwenda kwa mji, mtaa au utawala wa kienyeji wa pale pale. Mnaweza kuona asilimia 0,3 ni punje. Tufanye hesabu: kampani ikiuza kwa dola milioni 1.000 kwa mwaka, punje hiyo ni dola milioni 3. Fedha hizo zina kamati, na katika kamati wanakaa wajumbe wa wenyeji. Kampani inatia sahihi pia mapatano na wenyeji kwa miaka mitano mitano, kuonyesha itajenga nini.

Na hujenga nini? Mara nyingi kuta. Chumba cha masomo, zahanati, soko, na kibao chenye jina la mfadhili. Sidharau kuta, mvua za hapa zinajulikana. Lakini ukuta unaonekana katika picha, na bageti za kuchomea hazionekani. Hakuna mkubwa anayekuja kukata utepe mbele ya mota iliyotengenezwa. Kwa hiyo ninawaomba wajumbe wetu, na kati yenu nawaona wawili: mapatano yatakapofanywa upya, ombeni chuma. Ombeni mashine chache nzuri, pamoja na chuma cha kutumia kwa miaka mitano yote, na mshahara wa fundi mmoja wa kuzitunza. Ombeni pia nafasi za staji zenye hesabu, zilizoandikwa: vijana wangapi, majuma mangapi, chini ya mkono wa nani. Nafasi ya staji haiigharimu kampani hata sehemu ndogo ya ukuta mmoja.

Umeme nao unatutesa. Mabwawa ya Mwadingusha, Nzilo na Nseke yalijengwa kwa ajili ya migodi. Ule uzi mkubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, wa kilomita zipatazo 1.700, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980, unapita juu ya vijiji ambavyo hata leo vinawasha koroboi. Tangu zamani umeme wetu unajua njia ya kwenda kwenye shaba kuliko njia ya kwenda kwenye masomo. Atelie ya kufundishia ikikosa umeme siku tatu kwa juma, mpango wa mwaka umekwisha kuharibika. Ninalitaja upesi, kwa kuwa halimo katika uwezo wa parokia.

Lililomo katika uwezo wetu ni hili. Tembeeni mitaani. Kando ya barabara, chini ya miembe na mabati, mtakuta masomo makubwa ya ufundi ya inchi hii, nayo hayana jina wala mkuu. Ni garaje, ni maseremala, ni wachomeaji wa madirisha na milango, ni washonaji. Vijana wengi hujifunza hapo kuliko mahali pengine popote. Wanajifunza kwa macho. Mzazi anatoa kitu kidogo cha kuingilia, kijana anaosha magari mwaka mzima, mwaka wa pili anashika funguo, na mwaka wa nne bado anaitwa mtoto wa garaje. Hakuna mkataba. Fundi akikasirika anamfukuza, na miaka yote imepotea bila karatasi. Na mambo mengine fundi mwenyewe hayajui: hasomi mchoro, hajui hesabu ya umeme, hana kipimo cha injini mpya. Kwa hiyo huyu ana mikono bila mchoro, na yule wa shuleni ana mchoro bila mikono. Wote wawili wanakaa mtaa mmoja, na Dominika wanakaa benchi moja katika kanisa hili.

Katika Ujerumani na Uswisi, kijana anayejifunza kazi hufanya siku tatu au nne za juma katika kampani na siku moja au mbili darasani, kwa mkataba ulioandikwa, na mwishoni hupimwa na watu wa kazi hiyo pamoja na walimu wake. Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha Ulaya. Kule vyama vya mafundi vina umri wa karne nyingi. Lakini ule mgawanyo wa siku, na ule mkataba, na wale wenye kupima, ni mambo tunayoweza kuyafanya kwa mikono yetu, hata kama Kinshasa imechelewa.

Tena hatutaanza kwa mikono mitupu. Wazee walioondoka Gécamines mwaka 2003 wako pamoja nasi. Aliyeondoka akiwa na miaka arobaini na mitano sasa amepita sitini na mitano. Kila mwaka tunawazika, na mwaka huu pia tumewazika. Ninapokwenda matangani najiuliza ni mambo mangapi yameshuka kaburini pamoja na mzee yule: namna ya kusikiliza mota, namna ya kunoa kisu cha mashine, namna ya kukataa kuwasha mashine mpaka umeme umefungwa na kufuli imetiwa. Hilo la mwisho liliokoa maisha ya watu wengi, na vijana wa barabarani hawalijui. Tumeona vidole vyao. Ninasema kwa uzito: baada ya miaka kumi hatutakuwa na mtu wa kumwuliza.

Shauri langu kwa parokia ni dogo. Sala ya mikutano ya parokia inakaa tupu jioni tatu kwa juma. Tuitumie kwa vijana wa garaje na wa atelie: kusoma mchoro, hesabu za kazi, Kifaransa cha kuandika bei na barua, na sheria za usalama. Kabla ya kijana kuanza, mzazi, fundi na mjumbe wa parokia watie sahihi karatasi moja: miaka mingapi, kazi gani zitafundishwa kila mwaka, na kwamba hafukuzwi bila kusikilizwa. Karatasi hiyo haina nguvu ya mahakama. Lakini fundi aliyetia sahihi mbele ya Baba Paroko hatamfukuza mtoto kwa sababu ya hasira ya asubuhi. Mwishoni wazee wetu wampime, mbele ya chuma na si mbele ya ubao, nasi tuiombe INPP itume mtu akae nao, kusudi cheti kiheshimiwe hata Kolwezi na Lubumbashi.

Mtaniuliza, kwa nini kijana akubali miaka mitatu bila mshahara, wakati rafiki yake anachimba kobalti kwa mikono na kurudi na fedha jioni ile ile? Hapo sina jibu la maneno matamu. Njaa haingoji. Mashimo yale yanaporomoka, na tumeomboleza vijana wetu humu ndani. Lakini kumwambia mtoto asishuke shimoni bila kumpa chakula ni kumdhihaki. Kwa hiyo chakula cha mchana kiwe sehemu ya mafundisho. Mama wa mashirika wanajua kupika kwa ajili ya matanga ya watu mia tatu. Vijana thelathini hawatawashinda. Na anapomaliza, asiondoke mikono mitupu. Nimeona mafundi wazuri waliokosa kazi kwa sababu hawana sanduku la vyombo. Tunacheza likelemba kwa ajili ya vitambaa na sherehe. Tucheze moja kwa ajili ya vyombo vya kazi, kijana alipe kidogo kidogo akianza kupata, na vyombo vimfikie anayefuata.

Neno moja kwa wasichana na wazazi wao. Ushonaji ni kazi ya heshima, lakini tumewajaza wasichana wote humo, na nguo kuukuu zinazotoka Ulaya zinauzwa kwa bei ambayo cherehani haiwezi kuifikia. Kazi za umeme, za kupima, za kuendesha mashine kubwa hazitaki misuli ya ng'ombe. Binti aliyezaliwa katika mtaa wa migodi asiambiwe kwamba chuma ni cha ndugu yake tu.

Na kwa sisi wazazi: tuache kumtisha mtoto kwa kazi ya mikono. Tunamwambia, usiposoma utakuwa fundi, kama vile tungesema utakuwa mwizi. Eklezya imeweka sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe moja ya mwezi wa tano tangu mwaka 1955, na Papa Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu ni mkuu kuliko mali na mashine. Siku ile tunavaa vizuri, tunaimba, kisha nyumbani tunaomba Mungu mtoto wetu apate kiti na meza katika biro yenye hewa ya baridi. Biro zenyewe zimejaa.

Baba Paroko ameniruhusu kusema jambo la mwisho. Dominika ijayo, baada ya Misa ya pili, sekretari wa Baraza la parokia atakaa na daftari chini ya ule mti wa mbele. Wazee wa Panda, wa Shituru, wa reli na wa umeme, nendeni mkaandikishe jina na kazi mliyoijua. Mwenye garaje au atelie anayekubali kijana kwa mkataba aandikishe naye. Daftari lina kurasa mia moja, na ukurasa wa kwanza nimekwisha kuujaza kwa majina sita ya mafundi wenzangu, ambao wamekubali kuanza juma linalofuata jubile.